Allidina Visram: Maduka yake yalikufa, shule ikabaki

Kigali. Neno uendelevu limeingia katika biashara ya mipakani kama mgeni asiyebisha hodi. Lipo kwenye fomu za mikopo, lipo kwenye semina za vyama vya ushirika, na wanunuzi wa kahawa kutoka Ulaya hawakai mezani bila kulitaja. Pembeni yake huja ndugu yake, uwajibikaji kwa jamii. Wafanyabiashara wengi wanaoingia Rwanda walikutana na jambo lenyewe kabla hawajajua jina lake: mwaka 2008 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na tangu hapo mizigo ikaanza kupekuliwa mpakani, mifuko ikibaki kwa maofisa na bidhaa zikihamishiwa kwenye vikapu na mifuko ya karatasi.

Maana ya maneno hayo si ngumu. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilieleza uendelevu kuwa ni kizazi cha leo kutimiza mahitaji yake bila kukizibia njia kizazi kinachokuja. Mkulima anaujua kwa lugha fupi zaidi: usile mbegu. Uwajibikaji kwa jamii nao ni kukubali kwamba mwenye duka hawajibiki kwa aliyemkopesha mtaji peke yake. Anawajibika pia kwa mkulima aliyemuuzia maharage, kijana aliyebeba gunia, jirani wa ghala, na mto unaopita nyuma ya ghala hilo. Hao wote ndio wanaoitwa wadau.

Maelezo ya namna hiyo hubaki hewani mpaka yapate mtu wa kuyabeba. Katika kanda yetu yupo mmoja anayeyabeba yote, mazuri na mabaya yake, ingawa alikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita na hakuwahi kuyasikia. Aliitwa Allidina Visram. Mombasa wanamjua kwa shule yenye jina lake. Vitabu vya historia ya Uganda vinamtaja kama mfalme asiye na taji, kwa jinsi maduka yake yalivyoenea. Mfanyabiashara anayetoka Kigali kwenda Kampala, Kisumu au Mombasa leo anapita katika miji ambayo Visram aliifanyia biashara ilipokuwa bado vibanda vichache na bendera.

Kijana wa Kera na tajiri wa Bagamoyo

Visram alizaliwa Kera, katika eneo la Kutch, magharibi mwa India. Ni sehemu kavu ambako mvua haina ahadi, na kwa karne nyingi vijana wake wamekuwa wakipanda majahazi kuifuata pepo ya kaskazi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Naye alifuata njia hiyo akiwa bado mvulana. Hakuja na mtaji. Alikuja na jamaa na madhehebu: Makhoja Waismailia walikuwa wamekwisha kukaa Zanzibar na Bagamoyo, na mmoja wao, Sewa Haji Paroo, alimpokea kazini.

Ili kumwelewa Visram inabidi kukaa kidogo kwa bwana wake huyu, kwa kuwa yote aliyoyafanya baadaye aliyaona kwanza hapo.

Bagamoyo ya miaka ya 1870 na 1880 ilikuwa bandari ya kuanzia na kumalizia misafara. Kutoka hapo hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ni takribani kilomita 1,200, na njia yote ilitembelewa kwa miguu. Mpagazi mmoja, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, miezi mitatu au zaidi. Kwenda bara walibeba merikani, kaniki, ushanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu.

Sewa Haji hakuwa msafiri. Kazi yake ilikuwa kuwawezesha wasafiri. Aliuza bidhaa za misafara, alitafuta wapagazi, alikopesha. Wazungu wavumbuzi, wamisionari na baadaye Wajerumani wenyewe walipita dukani kwake. Ukitaka kuilinganisha kazi yake na ya leo, alikuwa wakala wa forodha, kampuni ya malori, duka la jumla na mkopeshaji, vyote chini ya paa moja.

Na alikuwa mtoaji. Alichimbisha visima Bagamoyo. Alitoa jengo la ghorofa kwa ajili ya shule, akitaka ipokee watoto bila kujali rangi wala dini, jambo lililokuwa geni kabisa katika koloni la miaka ya 1890. Alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Alipofariki mwaka 1897, wasia wake ulielekeza mapato ya mali zake yatumike kwa wagonjwa maskini na wenye ukoma. Hospitali ya Sewa Haji iliwahudumia Waafrika na Wahindi wa Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, hadi hospitali mpya ilipofunguliwa mwaka 1956, ambayo ndiyo Muhimbili ya sasa. Ndani ya Muhimbili jengo moja bado linaitwa Sewahaji.

Hapa ndipo maneno yetu mawili yanapoanza kugombana. Kwa upande wa kutoa, Sewa Haji hana mpinzani. Lakini fedha alizotoa zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye pembe, na pembe zilitoka kwa tembo waliokuwa wakiisha. Mwanzoni mwa karne ya 19 pembe zilipatikana karibu na pwani. Kufikia miaka ya 1870 wafanyabiashara kama Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, walilazimika kuvuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Kila miaka michache mstari wa tembo ulirudi nyuma, safari ikarefuka, bei ikapanda, na bei iliyopanda ikawavuta wawindaji wengi zaidi. Mwisho wa njia hiyo palikuwa na funguo za piano na mipira ya biliadi katika nyumba za Ulaya na Marekani. Na huko bara biashara ya pembe ilikwenda bega kwa bega na biashara ya watumwa.

Mtu anaweza kujenga hospitali kwa faida ya bidhaa inayokwisha. Hospitali inabaki kuwa njema, ila bidhaa bado imekwisha.

Kuifuata reli

Visram alikua katika duka hilo. Alijifunza kupima pembe kwa macho, kutunza hesabu kwa Kigujarati, na kumtambua mdaiwa atakayelipa. Polepole alianza misafara yake mwenyewe na kufungua vituo kwenye njia ya kati, kuelekea Tabora na Ujiji. Sewa Haji alipokufa, sehemu kubwa ya mtandao wake iliangukia mikononi mwa mwanafunzi wake.

Mwanafunzi hakubaki Bagamoyo. Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, na Visram aliona mapema kile ambacho matajiri wengi wa njia ya zamani hawakutaka kukiona: treni moja ingebeba mzigo wa wapagazi wengi mno, kwa siku chache badala ya miezi. Bagamoyo ingelala. Alihamishia nguvu zake Mombasa, akafungua maduka kadiri reli ilivyosonga, akiwauzia chakula na bidhaa wajenzi, ambao wengi walikuwa vibarua waliochukuliwa kutoka India, zaidi ya 30,000 kwa jumla. Karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, kwa magonjwa, ajali na wengine kwa simba wa Tsavo. Reli ilipofika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901, maduka ya Visram yalikuwa yamekwisha kutangulia hadi Uganda. Alikuwa miongoni mwa Wahindi wa kwanza kufungua duka Kampala, na majahazi yake yalivusha bidhaa Ziwa Victoria kwenda Entebbe na Jinja.

Namna alivyoyaendesha maduka hayo inastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote mwenye kibanda hata kimoja upande wa pili wa mpaka. Hakuweza kuwapo kila mahali. Alichukua vijana, wengi wakiwa wageni kutoka Kutch na Gujarat, akawapa bidhaa kwa mkopo na kuwapeleka mahali ambako hakuna duka. Kijana aliuza nguo, chumvi, majembe na mafuta ya taa. Badala yake alinunua chochote ambacho watu wa pale walikuwa nacho: ngozi, ufuta, nta, karanga, pilipili, pembe. Bidhaa zilirudi Kampala au Kisumu, zikahesabiwa kupunguza deni, na mzigo mpya ukatumwa. Baada ya miaka kadhaa kijana aliyefanya vizuri aliweza kujitegemea. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Uganda na Kenya walianza hivyo, wakiwa makarani au wakala wake.

Kwa mkulima wa Uganda duka hilo lilikuja wakati wa shida mahsusi. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka, na mwanakijiji aliyekuwa na ndizi, mbuzi na shoka hakuwa na rupia. Rupia ilipatikana dukani, kwa kuuza ngozi au ufuta. Hata maofisa walimtegemea. Kabla National Bank of India haijafungua tawi Entebbe mwaka 1906, duka la Visram lilifanya sehemu ya kazi ya benki: mtu aliweka fedha mji mmoja na kuzichukua mji mwingine. Anayetuma pesa kwa simu kutoka Goma kwenda Kigali leo anaujua mfumo huo, ila wakati ule mtandao ulikuwa daftari na uaminifu.

Kutoka pembe kwenda pamba

Hatua iliyofuata ndiyo inayonifanya nimchague yeye na si bwana wake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pembe zilikuwa bado na bei nzuri, na Visram aliendelea kuzinunua. Lakini milango ilianza kufungwa. Mei 1900 mataifa yenye makoloni yalikutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyamapori wa Afrika, uliotaka uwindaji uwe wa leseni na meno ya tembo wadogo, yale yasiyofika kilo 5, yataifishwe. Mkataba wenyewe haukuanza kutumika kikamilifu, ila serikali za Uganda na Kenya ziliweka kanuni za aina hiyo. Haki haikuwa sawa: mzungu mwenye leseni aliwinda kwa starehe, mwanakijiji aliyewinda kama babu yake akaitwa jangili. Kwa mfanyabiashara, hata hivyo, ujumbe ulisomeka. Bidhaa inayotaifishwa mpakani ni mtaji uliopotea.

Visram aligeukia ardhi. Alianzisha mashamba Uganda, akajaribu pamba, miwa, mpira na mazao mengine. Mbegu za pamba ziliposambazwa kwa wakulima wadogo wa Uganda kuanzia 1903, aliingia katika kununua na kuchambua pamba, akaweka viwanda Entebbe na Mombasa. Aliongeza sabuni, mafuta ya kukamua, mbao na samani. Badala ya kuisafirisha mali ghafi yote kama ilivyo, sehemu yake sasa ilipita kwenye mashine ndani ya kanda, ikaacha mshahara njiani.

Sidhani alifanya hivyo kwa kuwahurumia tembo. Alikuwa mtu wa hesabu. Lakini uendelevu haudai moyo safi. Unadai mtu aulize kama bidhaa anayoitegemea itakuwapo miaka 20 ijayo, na akijibu hapana, aanze kuhama ingali inalipa. Pamba hupandwa tena. Tembo aliyeuawa kwa jino la kilo 4 hazai tena, na huyo ndiye aliyepaswa kuwa jino la kilo 30.

Swali hilo tunalo leo, na si la tembo. Makaa yanayotoka ndani ya Hifadhi ya Virunga kwenda Goma yanauzika kila siku, na anayeyanunua kwa gunia anajua msitu ulikuwa wapi miaka 10 iliyopita na uko wapi sasa. Sambaza wa Ziwa Kivu, samaki walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hupewa mapumziko ya kuzaliana kila mwaka uvuvi unaposimamishwa. Mama anayewavusha kwenda Bukavu hukasirika miezi hiyo, na ana haki ya kukasirika kwa kuwa hana kipato kingine. Lakini bila mapumziko hayo hasira ingekuwa ya mwaka mzima. Tofauti yake na Visram ni kwamba Visram alikuwa na mtaji wa kungojea pamba ikue. Hilo husahaulika semina nyingi zinapomwambia mfanyabiashara mdogo abadilishe bidhaa. Kubadilika kunagharimu, na asiye na akiba hulipia gharama hiyo kwa chakula cha watoto.

Nani aliyepanda ngazi

Visram alichangia shule, hospitali na nyumba za ibada, na michango yake haikuishia kwa watu wa dhehebu lake. Alisaidia wageni waliofika Mombasa wakiwa na nguo za mwilini tu. Kumbukumbu za jamii ya Wahindi zimejaa shukrani hizo, na hakuna sababu ya kuzitilia shaka.

Lakini uwajibikaji hauhesabiwi kwa zawadi peke yake. Unahesabiwa pia ndani ya biashara yenyewe, kwa kuangalia nani anafundishwa, nani anakopeshwa, nani anaruhusiwa kupanda. Na hapo picha inabadilika. Ngazi ya Visram ilikuwa na vidato vingi, ila waliopanda walikuwa vijana waliovuka bahari. Mwafrika alikuwa muuzaji wa ngozi, mpagazi, kibarua wa shamba, mkulima wa pamba. Karani aliyekopeshwa bidhaa na kupelekwa kufungua duka jipya hakuwa Mganda wala Msoga.

Sababu zipo. Mkopo wa bila karatasi hutegemea udugu: ukimkopesha mtoto wa jirani yako wa Kera, unajua baba yake anakaa wapi. Utawala wa kikoloni nao ulipanga watu kwa rangi na kuifanya hali hiyo iwe sheria na desturi. Visram hakuubuni mfumo huo. Alikua ndani yake na kuukuza.

Matunda yake yalionekana muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Wakulima wa Buganda walilima pamba, wengine wakaichambua na kuiuza nje, na kwa miaka mingi mlango wa kuchambua ulikuwa mgumu kufunguka kwa Mwafrika. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyolipuka katika ghasia za Buganda za mwaka 1949. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Ilikuwa dhuluma, na uchumi wa Uganda uliilipia kwa miaka mingi. Siwezi kumtwika Visram mzigo wa Amin. Ninachosema ni kwamba biashara inayonunua kwa watu wote lakini inafundisha watu wa nyumba moja hujenga juu ya udongo laini, hata mwenyewe akiwa mkarimu kiasi gani.

Mfanyabiashara wa leo anaweza kujipima hapa bila msaada wa mshauri. Wapo wanaonunua viazi Musanze au maharage Kabale kwa miaka 10 kutoka kwa wakulima walewale, na hakuna hata kijana mmoja wa kijiji hicho aliyewahi kuonyeshwa mizani inavyosomwa au bei ya Kigali ni ngapi. Siri ya bei ni faida, ndiyo. Ni pia sababu ya wakulima kumkimbilia mnunuzi mwingine siku ya kwanza anapotokea.

Homa ya Kongo

Visram alizeeka akiwa bado njiani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, kanda yake ya biashara iligawanyika kati ya pande zinazopigana: Waingereza Kenya na Uganda, Wabelgiji Kongo, Wajerumani Tanganyika, Rwanda na Burundi. Kigali wakati huo ulikuwa mji mdogo uliokuwa haujafikisha miaka 10 tangu Richard Kandt aweke makao yake hapa mwaka 1907, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walikuwa wamekwisha kufungua maduka kwenye kilima cha Nyarugenge. Mei 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigali. Mwezi uliofuata, Juni 1916, Allidina Visram alifariki kwa homa aliyoipata katika safari ya kibiashara Kongo.

Alimwachia biashara mwanawe, Abdulrasul. Alichomwachia kilikuwa kikubwa na chepesi kuvunjika kwa wakati mmoja. Maduka yalikuwa makumi, katika nchi kadhaa, yameunganishwa kwa mikopo ambayo mtu mmoja aliibeba kichwani: nani anadaiwa, nani anaaminika, nani asubiriwe hadi mavuno. Mtu huyo alipokufa, madaftari yalibaki, lakini uaminifu haurithiwi kwa daftari. Kisha nyakati zikawa mbaya. Mwaka 1920 na 1921 bei za mazao zilianguka duniani. Katika miaka hiyohiyo Waingereza waliiondoa rupia, wakaleta florini, na muda mfupi baadaye shilingi, na kila mabadiliko yaliwatikisa wenye madeni na wenye kudai. Abdulrasul mwenyewe alifariki mwaka 1923. Himaya ya maduka haikuchukua muda mrefu kusambaratika, na mali zake zikaingia mikononi mwa wengine.

Mtu akisoma habari hii Kigali hawezi kuacha kuukumbuka mpaka wa Gatuna, uliofungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022. Wapo waliokuwa na njia moja, mteja mmoja mkubwa na daftari moja, wakabaki bila chochote ndani ya wiki chache. Wengine walikuwa na mshirika Rusumo au walikuwa wamemfundisha mke, mume au ndugu kuendesha duka, wakapunguza hasara. Tunapozungumzia uendelevu tunawaza misitu na plastiki, na ni sawa. Lakini biashara inayokufa na mwenyewe nayo haikuwa endelevu, hata ingekuwa inauza miche ya miti.

Kabla ya kufa Abdulrasul alifanya jambo moja ambalo halikutegemea bei ya pamba. Alitoa fedha za kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Allidina Visram High School ilifunguliwa mwaka 1923, mwaka uleule aliofariki yeye. Ilianza kama shule ya watoto wa Kihindi, kwa kuwa elimu ya Kenya ya kikoloni iligawanywa kwa rangi. Jambo ambalo Sewa Haji alilitaka Bagamoyo miaka 30 nyuma, la watoto wote chini ya paa moja, Mombasa ililipata baada ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963. Leo ni shule ya serikali na wanafunzi wake ni watoto wa Mombasa wa kila kabila, wengine wakiwa watoto wa mawakala wa bandari wanaoshughulikia makontena yanayokuja Kigali.